Yah: Jiko la Presha Lililoungua

Bwana Meneja wa Madai,
barua hii ni ya nne.
Ya kwanza niliandika kwa adabu,
ya pili kwa adabu na picha,
ya tatu aliichapa mwanangu Nyemo kwa kompyuta ya shule
ukajibu neno moja: "Tumepokea."
Hata msibani watu hupokea taarifa, bwana,
lakini hukaa kidogo na mfiwa.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja alfajiri,
upepo wa Julai unagonga bati kama mdai.
Nikatia makande kilo moja na nusu,
nikabonyeza pale palipochorwa maharage,
kitaa chekundu kikawaka
kama kisemavyo kitabu chenu, ukurasa wa sita.
Nilikitii kitabu chenu. Liandike hilo.
Nikatoka kufagia uwanja.

Kwanza nilisikia mlio, si ule wa mvuke,
mlio wa mtu anayesafisha koo
kabla ya kusema uongo.
Halafu harufu ya plastiki.
Halafu pazia.

Maji sikumwaga; maji na umeme haviamkiani.
Nilizoa mchanga kwa beseni la kufulia,
mchanga huuhuu wa Dodoma tunaoulaani mwaka mzima
kwa kuingia machoni, kwenye unga, kwenye shuka.
Siku ile ndio uliokuwa zimamoto.
Mama Mbeleje akaja na nguo ya kulalia,
akapanda kiti, akashusha swichi kuu kwa mwiko,
mdomoni nusu dua, nusu matusi.

Fundi wenu alifika baada ya wiki tano.
Viatu vimechongoka. Alipiga picha nne.
Akauliza, "Mama, ulikuwa unapika nini?"
Makande.
Akaandika: makande,
kana kwamba mahindi ndiyo yenye kiberiti.

Mnataka risiti. Ninayo.
Niliitunza ndani ya Biblia, penye Zaburi,
ila karatasi zile za mashine hufifia kwa joto
na joto la Oktoba huku halibishi hodi.
Sasa ni kipande cheupe.
Ukikiinamisha dirishani, mchana,
utaona nane, na tano, na mkia wa jina lenu.

Fomu ina mstari: *Thamani ya mali iliyopotea.*
Nimejaza: pazia. Kabati, milango miwili.
Rangi ya ukuta, ndoo moja.
Sahani ishirini na mbili za mafundi wa Mtumba
ambao siku ile hawakula kwangu,
wala siku kumi na tisa zilizofuata,
hadi wakapata mama mwingine.
Mstari ukaisha.
Sikupata pa kumwandika Nyemo
anayeamka usiku kunusa soketi.
Wala pa kuandika kwamba siku nilipochukua mkopo wa kikundi
niliwaambia wenzangu, mimi na mkaa basi.
Nimerudi kwenye mkaa.
Hawanicheki. Wananikopesha debe.
Afadhali wangenicheka.

Mmeniahidi jiko jipya, aina ileile.
Aliyeumwa na nyoka, bwana,
akiona ung'ongo hushtuka.
Ninyi hamniletei ung'ongo,
mnaniletea mdogo wake nyoka
kwenye boksi, na kalenda ya bure.

Lile la zamani sijalitupa.
Liko sebuleni juu ya stuli, nimelifunika kanga;
wageni hudhani ni redio.
Barua ya tano sitaandika.
Nitapanda nalo basi hadi Dar es Salaam,
nitalikatia tiketi, likae dirishani,
nitaliweka juu ya meza yako
na kanga nitaivuta taratibu.
Kifuniko kimegandana.
Makande yamo bado.

Wako,
Sechelela Chilongani,
mama lishe, Nkuhungu.

Nakala: Mama Mbeleje, shahidi.